Kuku Niliyemnunua Mnadani

Nyie mnaodhani mwalimu ana hela, nisikilizeni. Jumapili iliyopita, kanisani kwetu huku Lushoto, niliombwa niseme machache kuhusu malezi. Nikawatazama wakulima wale, nikawaambia mtoto halelewi kwa kubahatisha bei ya kabichi. Analelewa kwa mshahara. Nikajiona mtu.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada, maana asiye na fedha hutoa sadaka ya mazao au mfugo. Akanadiwa kuku mwekundu. Mkulima mmoja akataja bei, nikapandisha. Akaongeza, nikaongeza, nikatamba, "Wanangu wamezoea nyama!"

"Basi mchukue, mwalimu," akasema yule mkulima.

Nikakabidhiwa kuku. Mfukoni sikuwa na kitu. Nilitegemea mke wangu atalipa. Kuku wa nyumbani, yeye ndiye huwalisha. Mimi nawajua wakiwa kwenye sahani tu. Ndipo binti yangu akapiga kelele kwa furaha:

"Baba umemrudisha kuku wetu! Mama alimtoa kwa sababu hela ya sadaka hatuna!"

Hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa alikuwa bado amenikingia kikapu cha sadaka, akingoja hela ya kuku.