Damu Ambayo Sikuitoa

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopelekwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Nyamira, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa watatu tu: daktari msaidizi, mfagizi, na mimi muuguzi. Kwetu ni Keumbu, wala si mbali, lakini watu wa pale waliniita mgeni hadi siku nilipoondoka. Nilikaa katika chumba kimoja nyuma ya wodi. Jioni nilipika mboga yangu, nikala, nikaosha sahani moja. Siku ya Sabato nilikwenda kanisani, na hapo ndipo nilipopata mtu wa kunisogezea benchi: mama mmoja mjane, mkulima wa chai, aliyependa niketi karibu naye kwa sababu nilijua kuimba sauti ya pili.

Mama huyo ndiye waliyemleta siku ya soko, saa tisa mchana, wamembeba juu ya mlango uliong'olewa. Alikuwa anatoka kupeleka majani ya chai. Lori la mahindi kutoka Nyansiongo lilihama barabara, likamfuata hadi ukingoni. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari msaidizi alikuwa Kisii kwenye mkutano, kwa hiyo nilimfunga mbao mwenyewe, nikamchoma dawa ya maumivu, nikatuma mfagizi akatafute gari la kumpeleka hospitali.

Kabla gari halijapatikana, koplo aliingia na askari wawili. Katikati yao alikuwa dereva, mtu mzima wa makamo, shati limechanika begani. Harufu ya pombe, chang'aa, ilitangulia mbele yake.

"Sista, mtoe huyu damu," koplo alisema. "Chupa moja. Naipeleka kwa mkemia wa serikali."

Nilimgeukia dereva, nikamwuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, kama amekubali.

"Sikubali," akajibu. "Mnishtaki mnavyotaka, lakini damu yangu msiichukue."

Koplo aliwatazama askari wake. Wakamkalisha kwenye kiti, mmoja akambana mabega, mwingine akaunyoosha mkono wake juu ya meza yangu na kupandisha mkono wa shati hadi juu ya kiwiko.

"Sasa hawezi kutikisika," koplo alisema. "Choma."

Sindano nilikuwa nimeshaitoa kwenye maji yanayochemka. Nilikuwa nayo mkononi.

"Mna karatasi ya hakimu?" nikauliza.

"Karatasi ya nini? Mlevi si huyu hapa?"

"Mwenyewe amekataa. Mimi simchomi mtu aliyeshikwa."

Koplo hakupaza sauti. "Damu ya yule mama imemwagika barabarani," alisema, "na wewe unalinda damu ya mlevi."

Kati yetu na kitanda cha mama palikuwa na pazia tu. Najua alisikia.

Ningependa kusema nilikuwa naijua sheria. Sikuijua. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa mwenye akili zake akikataa sindano, unaiweka chini. Zaidi ya hapo nilichoona ni ule mkono juu ya meza yangu, mshipa umesimama, vidole vya askari vimeacha alama nyeupe kwenye ngozi. Nilimchukia yule mtu. Ningefurahi afungwe. Lakini niliiweka sindano kwenye sinia, nikafungua daftari la wagonjwa.

Nilimwomba dereva atembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Hilo alilikubali. Aliegemea ukuta mara mbili. Niliandika hivyo, nikaandika habari ya macho mekundu, ulimi mzito na harufu, nikatia sahihi. Koplo alisema kitabu changu hakitamsaidia, lakini baadaye alirudi akakihitaji.

Kesi ilisikizwa Kisii. Niliitwa shahidi wa mashtaka. Wakili wa dereva aliniuliza kama mimi ni daktari, nikasema hapana. Akaniuliza kama mtu aliyetoka kwenye ajali anaweza kupepesuka kwa mshtuko, nikasema anaweza. Hakimu alimtia dereva hatiani kwa kuendesha ovyo, lakini akasema ulevi haukuthibitishwa. Kuhusu damu alisema maneno machache: kwamba askari hakuwa na ruhusa ya mtu mwenyewe wala amri ya korti, na muuguzi hakukosea. Koplo alikuwa akiangalia kofia yake.

Nje, kwenye ngazi, wakili alinifuata akanipa mkono. "Umetusaidia sana, sista," alisema. Jamaa za mama walikuwa wamesimama hatua chache kutoka pale. Sikujua niuondoe vipi mkono wangu.

Tangu Sabato iliyofuata niliketi peke yangu. Hakuna aliyenifukuza. Walisalimu, wakaketi kwingine. Nilipoimba sauti ya pili niliisikia mwenyewe, nikaiacha.

Wakati huo mama alikuwa amesharudishwa kutoka hospitali, mguu ndani ya plasta, alale kituoni kwa kuwa nyumbani hakuwa na wa kumwangalia. Kwa wiki nyingi nilimgeuza, nikamwosha mgongo, nikamletea uji. Alisema anachohitaji, basi. Siku plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umepinda kidogo. Aliutazama, kisha akanitazama.

"Ningekuwa mimi nimekataa," akasema, "wakanishika, ungenichoma?"

"Nisingekuchoma, mama."

Aliupapasa mguu. "Na yule ni sawa na mimi?"

Nilisema tu, "Mkono ulioshikwa ni mkono, uwe wako uwe wake." Akaomba fimbo yake.

Niliomba uhamisho, nikapewa Nyansiongo. Asubuhi ya kuondoka mfagizi alinibebea sanduku hadi barabarani. Mama alikuwa anapita upande wa pili, anachechemea, kikapu mgongoni. Alisimama akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia.

"Huko kuna baridi," alisema. "Una sweta?"

"Ninayo, mama."

"Haya," akasema, akaendelea na njia yake. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya mashamba ya chai, mfagizi akaniambia gari linakuja.