Kikao cha Uvimbe wa Mpwa Wangu

Mpwa wangu alikufa kwa uvimbe wa figo kabla hajatimiza miaka minne. Kwa miezi tulisema ni bandama, tukamchanja chale tumboni. Tulipomfikisha Mbeya ulikuwa umeshaingia mapafuni.

Shule niliacha darasa la tano, lakini kuuliza sikuacha. Nilimfuata daktari mpaka mlangoni: kitu hiki hutoka wapi? Akasema kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Wachache huzaliwa na hitilafu, na mara chache hutembea kwenye ukoo.

"Na dawa za shambani?"

"Wapo wanaozishuku. Hakuna aliyethibitisha. Kwa nini?"

Nikamuaga. Tangu serikali iwafungulie watu binafsi biashara, dawa ya kahawa iliuzwa na yeyote. Yangu niliinunua Kiwira kwenye chupa za soda, bila maelezo yoyote. Nilikuwa nikipulizia mashamba ya watu Masoko na kulala kwa dada yangu. Alikuwa na mimba ya mtoto huyo, na nguo zangu za kazi alizifua yeye.

Baada ya matanga, ukoo wa shemeji ukaitisha kikao. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Walidai dada alipokuwa mjamzito alipishana na mzee njiani bila kujificha, na kosa hilo ndilo lililomwingia mtoto. Kwa kuwa mzee alikuwepo kikaoni, dada alikaa nyuma ya jiko, mimi nikamsemea. Shaka yangu juu ya dawa nilikuwa nimeshamwambia, na kabla sijaingia alinishika mkono.

"Kaka, waambie na habari ya zile nguo. Wakinifukuza, mwanangu mkubwa anabaki kwao."

Nikaeleza ya daktari. Baba mdogo wa shemeji akacheka.

"Gwe, wewe! Umekwenda mpaka Mbeya kuambiwa hakijulikani? Hilo ningekwambia mimi, nauli ukanywea pombe."

Walicheka wote, isipokuwa baba mkwe.

"Hakuna kingine, mjomba mtu?" akauliza kwa upole.

Hakuna aliyethibitisha. Nikajificha nyuma ya maneno hayo.

"Hakuna."

Kesho yake nilimsindikiza dada kurudi nyumbani kwetu Msasani, hii ya hapa Tukuyu, godoro kichwani. Mtoto mkubwa alibaki akilia, ameshikwa na bibi yake. Njiani nikaanza kumrudia maneno ya daktari.

"Nimeyasikia," akasema. "Na wao hawakuthibitisha. Mbona walisema?"

Wiki ile nikaondoka Tukuyu.