Siku Mabenchi Yaliponyamaza

Naomba nianze kwa kusema mimi sina hasira. Watu wa Ujiji wanasema nina hasira, na siku nikimpata anayeanzisha hayo maneno tutaelewana vizuri tu. Mimi nina rafiki, basi. Mtu ukiwa na rafiki, halafu ukamsikia mjinga mmoja anamsema vibaya mbele yako, ufanye nini? Upige makofi?

Rafiki yangu huyo nimekua naye mtaa mmoja. Shule tuliacha mwaka mmoja, kidato cha pili, yeye kwa sababu baba yake alifariki, mimi kwa sababu nilimjibu mwalimu. Kiingereza tulijifundisha wenyewe kwa kamusi moja ambayo mchwa walikuwa wameshaisoma kabla yetu, wakala kuanzia mwanzo mpaka herufi D. Kwa hiyo kuna maneno mengi ya Kiingereza mpaka leo hatuna habari nayo, na sijaona yametupunguzia nini.

Mwenzangu alikuwa anabeba magunia Kibirizi, kule boti za ziwani zinapopakia. Lakini alichokuwa anakitaka maishani ni kitu kimoja tu: kiti cha mtafsiri kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha video cha mtaani kwetu.

Wewe mwenye simu kubwa na bando la mwezi labda humjui mtafsiri, ngoja nikwambie. Filamu inatoka huko ilikotoka, na Kiingereza chake. Sauti inapunguzwa. Pembeni ya televisheni anakaa mtu na maiki, anaongea kwa niaba ya wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa. Na sheria kubwa ya kazi hiyo ni moja, mtafsiri hanyamazi. Mtu kwenye filamu akinywa maji, mtafsiri anakwambia anakunywa maji, na kwamba hayajachemshwa. Gari likipita, anakwambia la nani na anadaiwa na benki gani. Yule aliyekuwepo zamani alikuwa anaongea mpaka filamu imeisha na majina yanapanda, anawaaga mafundi wa taa mmoja mmoja. Huyo akaoa Kasulu, akahamia huko huko. Mama mwenye kibanda akatangaza kwamba sasa ataweka filamu zilizotafsiriwa tayari Dar, zinakuja kwenye flashi. Flashi haiumwi, akasema, na haiendi kuoa Kasulu.

Rafiki yangu akaenda kumwona siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa ajili ya usalama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni choo, zunguka nyuma."

"Nataka maiki, mama."

Mama akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akarudi juu. "Jumapili, saa nane mchana. Filamu moja tu. Mabenchi yakilia, Jumatatu naweka flashi."

Hapo pa mabenchi lazima nipaeleze. Yule mama ana kibanda cha video lakini filamu haangalii. Anakaa mlangoni, mgongo kwenye televisheni, ungo wa dagaa mapajani, anachambua huku anasikiliza mabenchi. Mabenchi yake ni ya mbao na misumari iliyolegea. Mtu akichoshwa anajisogeza, na akijisogeza benchi linalia. "Watu ni waongo," anasema. "Wakitoka wote wanasema nzuri, mama, nzuri. Benchi halina adabu."

Na upande wa pili kulikuwa na mjomba. Mjomba wake ana nyavu Ilagala, na alishasema neno la mwisho: kijana mzima hawezi kubeba magunia ya watu maisha yake yote huku mjomba anatafuta mtu wa kuvuta nyavu. Mama yake mzazi alikuwa ameshamfungia begi, liko nyuma ya mlango. Kwa hiyo Jumapili ile ilikuwa maiki au Ilagala. Hakukuwa na njia ya tatu.

Nikamshauri achukue filamu ya ngumi. Ngumi zinajitafsiri zenyewe. Yeye akachukua ya kutisha.

Tuliifanyia mazoezi kwangu, kwenye simu, mara tatu. Binti anapata kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa, kwenye nyumba kubwa kando ya ziwa. Bibi yuko kwenye kiti cha magurudumu, miguu imefunikwa blanketi, haongei, haamki. Visu vinaanza kupotea jikoni. Halafu watu wanaanza kupotea. Mwisho kabisa, binti yuko jikoni peke yake, na huyo anayeshuka ngazi taratibu nyuma yake ni bibi. Kwa miguu yake. Mara ya kwanza nilirusha simu. Ilikuwa simu yangu, kwa hiyo msinisemeshe.

"Pale jikoni," rafiki yangu akaniambia, "hakuna anayeongea."

"Ndiyo. Hapo ndipo utakapoongea wewe."

"Hapana. Hapo nitanyamaza."

Nikamshika paji la uso nione kama ni malaria.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Uko kwenye michikichi, peke yako. Nyuma yako kitu kimekanyaga jani kavu. Unataka mtu akuelezee kwamba jani limekanyagwa? Si unataka kusikia kama litakanyagwa tena?"

Sikukubaliana naye hata kidogo. Nikamwambia nakubaliana naye. Huo ndio urafiki, kama hujui.

Jumapili mvua ikanyesha, na mvua kwetu ndiyo tangazo bora la filamu. Mbele kabisa alikaa mama muuza migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu, amekuja na shoga yake wa sokoni, wote wananukia kazi. Katikati dereva wa bodaboda na helmeti yake mapajani. Pembeni yangu, kwa bahati mbaya yangu na yake, mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni, amehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, bado analinganisha kila kitu na kwao. Mabenchi mengine yakajaa watu waliokuwa wanakimbia mvua.

Rafiki yangu akaanza, na nawaambia alianza vizuri. Nyumba ya ziwani akaihamishia upande wa Mwamgongo. "Huku hakuna gari," akasema, "binti ameletwa kwa boti, na boti imeshaondoka." Watu wakaguna, maana wanajua boti ikiondoka maana yake nini. Binti akaingia chumbani kwa bibi, akasema neno moja la Kizungu, na maiki ikasema: "Shikamoo bibi."

"Binti ana adabu huyo," akasema mama wa migebuka. "Ametoka nyumba nzuri."

"Ndiyo maana atakufa," akasema bodaboda. "Wenye adabu ndio wanaanza."

"Hajasema shikamoo," mwalimu akanong'ona, lakini kunong'ona kule kwa darasani, ambako hata wa nyuma anasikia. "Tafsiri si sahihi."

"Mwalimu," nikamwambia, kwa upole kabisa, "ulitaka amwambie bibi wa watu mambo vipi?"

Akasogea. Benchi likalia. Mlangoni, mkono wa mama ukasimama kidogo juu ya ungo, kisha ukaendelea.

Visu vikaanza kupotea, na kibanda kikageuka kituo cha polisi. Bodaboda akamkamata mtunza bustani. Mama wa migebuka akamkamata daktari, kwa sababu daktari gani anakuja kumwona mgonjwa bila begi. Mwalimu akasema filamu hizi zote ni moja, ni mtunza bustani, yeye alishajua tangu mwanzo. Shoga wa mama wa migebuka alikuwa na shida nyingine kabisa. "Huyu bibi toka asubuhi hajapewa hata uji," akasema. "Hawa watu wana roho gani?"

Tukafika jikoni. Kwenye filamu umeme ukakatika, na kibanda kizima kikamwonea binti huruma ya kweli, ile ya mtu anayejua. Binti akawasha mshumaa, akaanza kuosha kikombe, mgongo kwenye ngazi. Rafiki yangu akaweka maiki mapajani. Akanyamaza.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kibanda umiza hawezi kujua ukimya ule ulikuwa mzito kiasi gani. Tumezoea kuongeleshwa. Ilikuwa kama muadhini ameanza adhana akaishia katikati. Watu wakaanza kutazamana. Benchi la mbele likalia. La nyuma likajibu.

"Oya, mtafsiri!" akaita bodaboda. "Umeme umekatika kwenye filamu au kwenye maiki?"

Watu wakacheka. Mtu akadakia, "Mwamsheni!" Mwingine, "Kafa! Naye hajapewa uji, kama bibi!" Mabenchi sasa yanalia kama bata. Namwangalia rafiki yangu, jasho linamtoka, lakini maiki haigusi. Amekaza macho kwenye ngazi ile. Na mimi naliona begi nyuma ya mlango, naiona Ilagala, naziona nyavu.

Hapo mwalimu akasema, "Kiingereza kimemwishia huyo. Sehemu hii haijui."

Jamani. Kijana amekesha na kamusi isiyo na mwanzo wala nini, halafu mtu mwenye kamusi nzima nyumbani kwake anasema nini? Nikasimama. Sikupanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe.

"Kaa kimya wewe!" nikamwambia, na nadhani nilisikika mpaka sokoni. "Akiongea, utasikiaje miguu ya bibi ikishuka ngazi?"



Mama wa migebuka akageuka taratibu. "Bibi gani?" akasema. Kisha, "Miguu gani?"

Ndipo nikajua nilichofanya.

"Mana yanje!" akamwita Mungu kwa Kiha, mikono kichwani. "Ana miguu! Na mimi namhurumia tangu mwanzo!"

"Mimi nilijua," akasema shoga yake, yule yule wa uji. "Lile blanketi nilikuwa silielewi."

"Ameharibu!" mwalimu akapiga kelele. "Ameharibu filamu yote!" Yeye aliyekuwa ameshamfunga mtunza bustani. Bodaboda akasema haiwezekani, mtu mzima wa umri ule hawezi kuua, heshima yake iko wapi. Mtu akamjibu kwamba hajawahi kukutana na mama mkwe wake. Ikawa vurugu tupu.

Nikamwangalia rafiki yangu. Hakukasirika. Heri angekasirika, heri angekuja kunizaba kibao mbele za watu. Alikuwa na sura ya mtu ambaye ameshapanda boti na anaangalia Kigoma inavyokuwa ndogo. Mtu pekee duniani aliyejua siri yake alikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeitangaza, tena kwa kumtetea.

Akachukua maiki. Nikajua sasa ataongea, atajaza, atasema binti anaosha kikombe na sabuni ni ya kipande. Akasema hivi tu:

"Haya. Mmeshajua. Sasa sikilizeni."

Akaiweka maiki chini, kwenye sakafu, akaongeza sauti ya filamu.

Mvua ilikuwa imekatika. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Kwenye televisheni maji yanatiririka kwenye kikombe. Halafu, juu, ubao mmoja wa ngazi.

"Geuka, mwanangu," akanong'ona mama wa migebuka.

Ubao wa pili.

Hakuna aliyejisogeza. Nilisikia tone likianguka kutoka kwenye bati, nikalisikia lingine. Bodaboda alikuwa amevaa helmeti, tena amefunga na kioo. Kitu kimenishika mkono, naangalia, mwalimu. Nikamwachia ashike. Mimi niliyeiona mara tatu, mimi niliyeitangaza kwa kibanda kizima, nami nikamshika mwalimu.

Ubao wa tatu, na binti akafunga maji ili asikie vizuri. Na sisi wote tukaacha kupumua ili naye asikie.

Kilichofuata sitakisema. Safari hii nimejifunza.

Nje, kila mtu akatoka na filamu yake. Mama wa migebuka akasema ni filamu mbaya sana, inawafundisha watoto kuwaogopa bibi zao, na kesho inarudiwa saa ngapi? Bodaboda akasema haitishi kabisa. Alisema akiwa bado na helmeti, na pikipiki iliwaka mara ya nne. Mwalimu akasema ingekuwa filamu nzuri kama watu fulani wangekuwa na nidhamu, kisha akasimama pale njia panda mpaka akapata mtu wa kutembea naye, saa kumi jioni, jua linawaka.

Rafiki yangu akasimama mbele ya ungo wa mama, mikono nyuma.

"Mama," nikaanza mimi, "kosa ni langu, yeye hana..."

"Najua ni lako. Wewe nyamaza." Akamgeukia yeye. "Yalilia."

"Yalilia, mama."

"Yalilia sana. Halafu yakanyamaza." Akaokota dagaa mmoja, akamfuta na kidole. "Miaka yote nimekaa hapa, sijayasikia yakinyamaza hivyo. Nikafikiri watu wametoka wote. Nikageuka." Akamwangalia kama vile ni yeye aliyemkosea. "Mimi nikageuka! Nikamwona yule bibi. Tazama, dagaa wangu wote wameingia mchanga."

Hatukujua kama tucheke.

"Kesho uje saa nane," akamwambia. Kisha akaninyooshea mimi yule dagaa. "Na huyu, filamu mpya haingii. Aje ikishaonyeshwa mara mbili."

Nilivuta pumzi niseme maneno yangu. Lakini rafiki yangu akawahi: "Sawa, mama." Akawahi mno. Hilo bado sijamsamehe vizuri.

Basi siku ya filamu mpya mimi nakaa nje, mgongo kwenye bati, pembeni ya ungo. Namsikia anavyoongea, anahamisha watu Mwamgongo, anawaamkisha wazee wa Kizungu shikamoo. Halafu katikati ya sentensi ananyamaza. Nasubiri mabenchi yalie, hayalii. Hata moja. Jua liko juu, mchana kweupe, watu wanapita na ndoo za mawese, na mimi nywele zimenisimama kwa kitu nisichokijua.

"Mama," namnong'oneza, "kuna nini humo ndani?"

"Nyamaza," ananiambia. "Nasikiliza."