Ndoa Yetu ya Siku ya Mardi

Mucheke tu. Hapa Goma batu banaoana samedi, ile jumamosi, na salle ya sherehe inakuwa bei ya juu. Mimi mwerevu nikachagua mardi, jumanne ya kazi, nusu bei! Kaka yangu mukubwa akaniuliza: "Mardi? Nani ataacha kazi?"

Tulipofika, nikasikia nyimbo, nikavuta bibi arusi mbio tukaingia. Yesu wangu! Bamama salle nzima, bamevaa kitambaa ya kikwembe moja, bakasimama na vigelegele! Tukacheza mpaka mbele. Nikashika mikro, machozi ya furaha yanatoka: "Mukubwa wangu alisema hamutakuja!"

Mama mumoja akanishika mukono polepole. "Mutoto wangu, tumebabariki ninyi bawili. Lakini sisi tuko mu mukutano ya kanisa. Wageni wako bako salle ya nyuma. Bote saba."