Maji ya Jirani Aliyeondoka

Walisema sitaweza kufuga kitu kisicho na macho, miguu wala sauti, katika mji ambao umeme huja kama mgeni. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba wangu, karani mstaafu wa reli hapa Kamina, akiwa amekaa mbele ya nyumba yake na majirani wakisikiliza.

“Weye, muntu ya diplome, unafuga nini mu ile frigo ya kufa? Kuku?”

“Bakteria, mjomba.”

“Iko na nyama?”

“Hapana.”

“Basi siku ya Noeli tutakula nini?”

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya mikrobiolojia niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini, na hadubini niliyoinunua ikiwa imechakaa nikaitengeneza kwa mikono yangu. Friji mbovu niliigeuza sanduku la joto: balbu ndani, paneli ya jua juu ya bati. Sikumjua mtu mwingine katika mkoa wetu aliyethubutu kufanya hivyo.

Nilitaka vijidudu vya muhogo. Muhogo wetu mchungu una sumu. Ukilowekwa ndani ya pipa, vijidudu huulainisha, na sumu hupata njia ya kutoka. Nilikusudia kuchagua vile vinavyofanya kazi upesi, nivikaushe, nivigawe kama watu wanavyogawa mbegu.

Wanawake wa kwetu hawaoshi pipa hilo mpaka likatakata. Wakitoa muhogo huacha maji kidogo chini, yaanzishe kazi kwa muhogo unaofuata, na mama humrithisha binti yake maji hayo. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiyaazima, chupa kwa chupa. Wote walinipa sharti lile lile: yarudi yakiwa hai.

Aliyenisumbua ni mama mukubwa, dada wa mama yangu. Maji ya pipa lake hayakuwa yake. Yalikuwa ya jirani yake, mwanamke wa Kasai, aliyeondoka na watoto wake kwa treni miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu kama wageni. Asubuhi ya safari alileta pipa mlangoni kwa mama mukubwa akasema atarudi kulichukua. Hakurudi, wala habari yake haikufika. Mama mukubwa aliendelea kuloweka muhogo wake humo, kila mara akiacha maji ya chini.

“Hii si yangu,” aliniambia, chupa ikiwa bado mkononi mwake. “Kama inakufa, miye ntamuambia nini siku anarudia?”

Kiasi kidogo cha maji hayo, pamoja na ya nyumba nyingine, nilikituma chuoni nilikosoma, ambako siku hizi wanasoma chembe za urithi za vijidudu bila hata kuviotesha. Jibu lilisema hayafanani na maji ya nyumba nyingine yoyote ya mtaa wetu. Nilimweleza mama mukubwa kwamba watafiti wa chachu wameona vijidudu vya mkono wa mtu vikiingia katika chachu anayoishika, vikabaki humo.

“Mukono yake iko ndani?” aliuliza, wake ukiwa pipani akigeuza muhogo.

“Inawezekana. Vizazi na vizazi vya vile vilivyokuwa mkononi mwake.”

Alitoa mkono wake pipani polepole, akaufuta, kisha akalifunika pipa kwa kitenge, kama mtu anayemfunika aliyelala.

Msimu wa baridi zikaja habari za kipindupindu kutoka upande wa ziwa, kule Kinkondja samaki wetu wanakotoka. Vikagawiwa vidonge vya klorini, vya kuua vijidudu katika maji ya kunywa. Wanawake wa mtaa walifikiri vizuri, ila walianzia mahali pasipofaa. Maji gani ya nyumba yana thamani kuliko yote? Ya chini ya pipa. Wakatia vidonge humo. Muhogo ulipokataa kulainika waliona ugonjwa umeshaingia, wakaongeza vingine.

Mtaa ukanyamaza. Asiyekulia Kamina hawezi kujua ukimya huo. Pipa la muhogo huwa linaongea mchana kutwa, povu likipasuka taratibu, kama mtu anayemeza mate. Sasa nilipita ua baada ya ua bila kusikia kitu. Ile harufu kali ya uchachu, ambayo wageni huilalamikia, ilikuwa imetoweka. Hata nzi walikuwa wamehama. Nyumba moja ilichoka kungoja, ikatwanga muhogo ule mgumu na kuupika bukari, ugali wetu. Wote wakatapika kwa sumu iliyobaki, vichwa vikawazunguka, wakalazwa.

Mama mukubwa aliniita. Nilichukua tone kutoka pipani mwake nikaliweka chini ya hadubini, na yeye akachungulia.

“Banatikisika,” alisema. “Bote biko bazima.”

Kweli vilikuwepo, vijiti vyembamba vikitetemeka katika safu zao. Lakini ndani ya maji hata vilivyokufa hutetemeka, kwa kuwa maji yenyewe hayatulii. Kwa jicho huwezi kuwatenga wafu na walio hai. Niliotesha tone hilo kwenye sahani yenye chakula chao, nikaliweka katika joto. Sahani ilibaki tupu, inang'aa kama kioo cha nyumba isiyo na mtu.

Kilichobaki cha jirani yule kilikuwa chumbani kwangu, kimekaushwa juu ya unga, ndani ya chupa niliyoiziba kwa nta. Pamoja nacho, vijidudu vya mtaa mzima. Nilivirudishia maji na chakula, nikaviweka katika joto la friji. Chupa za wengine ziliamka moja baada ya nyingine, zikapiga povu. Ya mama mukubwa ililala tu.

Alikuja kila siku akaketi karibu na friji, akiukunja na kuukunjua ukingo wa kitenge chake.

“Bado?”

“Bado, mama.”

“Umuite pole pole. Yee hapendake kelele.”

Niliisogeza chupa karibu na balbu. Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa nimeipa friji mgongo nikisafisha sahani. Hapakuwa na upepo. Nyuma yangu mtu akameza mate. Niligeuka: mlango wa friji umefungwa, chumba kitupu. Nilipofungua, chupa ile ilikuwa na povu shingoni.

Nilipika chakula cha vijidudu, nikavizidisha vyote, nikasugua mapipa ya mtaa kwa maji ya moto, kisha nikaanza kulipa. Mlango kwa mlango, kila mwanamke na maji yake mwenyewe, si ya mwenzake. Mjomba alisubiri nje ya nyumba yake. Akapokea chupa ya mkewe kwa mikono miwili na hakuuliza juu ya nyama. Diploma zipo nyingi. Mtu aliyeurudishia mtaa mzima kilichokufa, kikiwa hai, mnitajie mwingine.

Deni la mwisho nililipa kwa mama mukubwa. Alimimina chupa katika pipa lenye muhogo uliomenywa, akalifunika, akaketi. Tulingoja, jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Chini ya kitenge maji yakatoa sauti ndogo.

Aliinama, akalisalimu pipa kwa Kiluba cha Kasai, kama majirani wanavyosalimiana asubuhi. Akatega sikio, akaitikia kwa kichwa kama anayejibiwa.

“Sasa enda, mwana,” aliniambia bila kugeuka. “Siye tuko na mambo mingi ya kusemezana.”