Milingoti Minne

Kama kuna kitu Hemed alikijua hapa duniani, ni mpira. Kiingereza alikiokota ukubwani, baridi aliizoea kwa kulazimishwa, na fomu za kodi mpaka leo hujaziwa na mtu mwingine. Lakini kwenye mpira, usimwambie kitu. Kwao Tanga alikuwa refa wa daraja la tatu, na filimbi yake ilikuja Minnesota imeviringishwa ndani ya soksi. Kila kiangazi Watanzania na Wakenya walipokutana kwenye viwanja vya Blaine kumalizana hasira za mwaka mzima, yeye ndiye aliyeitwa kuchezesha. Akisema penalti ni penalti, na anayebisha akapige kelele kwake.

Siku za kazi alikuwa msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee huko Saint Paul. Aliwaogesha, aliwavisha, aliwasukuma kwenye viti vya magurudumu. Alikuja Marekani kusoma, akasoma, akapata cheti, cheti kikaning'inia ukutani nyumbani Oakdale na yeye akabaki na wazee. Aliwapenda, tuseme kweli. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa mjuaji.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokaa Mzee George, Mwaustralia wa miaka karibu themanini, goti moja bovu, shingoni skafu ya hariri ya zambarau. Skafu hiyo Hemed aliipiga pasi kila asubuhi, na ole wake aache mkunjo. Mzee akishafungwa skafu alitoka chumbani kwake ghorofa ya pili, akapita ukumbini akiwapungia mkono vikongwe wa kulia na wa kushoto kana kwamba wamelipa kiingilio, akashuka kwa lifti mpaka mlango mkubwa. Hapo alikaa kutwa. Kila aliyeingia alisalimiwa: posta, fundi wa mabomba, wajukuu wa watu. Wanawake alibusu mikono yao. Ng'ombe hazeeki maini, na Mzee George alikuwa na maini mawili.

Na alikuwa na hadithi. Zamani, alisema, huko Melbourne, yeye alikuwa mchezaji wa mpira. Si mchezaji tu, staa. Wenzake wote walivaa viatu vyeusi, yeye akavipaka vyake rangi nyeupe kwa mkono wake. Nywele alizitia dhahabu. Magazeti yalimwita Tausi. Kabla ya kupiga mpira alivuta soksi, akawatupia mabusu mashabiki wa timu pinzani, nao wakamrushia machungwa yaliyooza. Siku moja akaliokota moja lililokuwa zima kidogo, akalimenya katikati ya uwanja, akalila taratibu huku watu maelfu wakimzomea.

Halafu goti likavunjika. Klabu ikamshukuru kwa barua fupi. Akafungua baa, akainywa mwenyewe mpaka ikaisha. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Minnesota, aliyekuwa matembezini huko, akamwokota, wakaoana, akaja naye kwao. Mwanzoni alifurahi kuwa mahali ambapo hakuna anayemjua, maana wanaokujua ndio wanaokuuliza umekuwaje. Baadaye akaona kwamba kutojulikana kabisa nako ni namna ya kufa. Alipojaribu kuwaeleza watu mchezo wake walicheka, basi akafunga mdomo. Akauza matairi ya magari mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki ndipo mdomo ukafunguka tena, na sikio lililokuwa karibu lilikuwa la Hemed.

Hemed alisikiliza kwa raha mpaka walipofika kwenye sheria. Uwanja, alisema mzee, una umbo la yai. Timu moja ina watu kumi na wanane. Golikipa hakuna.

"Hakuna?" Hemed aliuliza.

"Wa kazi gani? Kila upande kuna milingoti minne. Ukipitisha mpira katikati, pointi sita. Ukikosa ukapita pembeni, unapewa moja."

"Unapewa pointi kwa kukosa?"

"Kwa kukosa kidogo, Refa. Ukikosa sana hupewi." Mzee alimwita Refa tangu siku alipojua kazi yake ya Jumamosi. "Na unaruhusiwa kumrukia mtu, ukampandia mgongoni kwa goti, ukadaka mpira juu kabisa. Hapo watu huzimia."

Yote hayo Hemed angeweza kuyavumilia. Kilichomshinda ni waamuzi wa golini. Mzee alisema walivaa makoti meupe marefu na kofia, na bao likiingia walipunga bendera mbili. Refa mwenye koti la daktari! Siku hiyo chumba cha mapumziko cha wafanyakazi kilijaa vicheko. Hemed aliigiza yote, na bendera akazifanya kwa taulo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia hapo, kila wiki walimtaka awape mpya.

Sasa, majira ya baridi ya mwaka 2006, Mzee George alikuwa amekaa chumba cha televisheni na wazee wenzake. Mmoja akamwambia waziwazi kwamba hakuna binadamu anayeweza kudaka mpira akiwa juu ya mgongo wa mtu. Mzee akainuka kumwonyesha. Aliweka lile goti bovu kwenye mgongo wa mwenzake, akajirusha, wakaanguka wote wawili chini. Yule mwenzake akavunjika mkono.

Hapo mzaha ukaisha. Nesi mkuu, mama mmoja mpole aitwaye Teresa, akamwita Abigail kutoka Lakeville. Abigail alikuwa binti wa yule mwalimu, aliyelelewa na Mzee George kama mwanawe. Swali lilikuwa moja. Kama mzee alikuwa akionyesha mchezo aliocheza kweli, huo ni utundu wa uzee, ataonywa na yataisha. Kama mchezo wenyewe hakuna, basi akili imeanza kuondoka, na mahali pake ni kule chini, wadi ya milango inayofunguliwa kwa namba, ambako mtu haingii wala hatoki bila mfanyakazi.

Abigail alisema mama yake aliwahi kutaja kwamba baba alicheza mpira kidogo ujanani, kama kila mtu. Hayo mengine hakuyasikia katika miaka yote ya matairi. Teresa alikuwa ameandika jina kwenye kompyuta, wakamjia akina George wengi wa jina hilo, mmoja mchungaji na mwingine muuza majeneza. Basi akamgeukia Hemed.

"Wewe uko naye kila siku," alisema, "na mpira unaujua kuliko sisi sote. Upo mchezo kama huo?"

Hebu tusimame hapa kidogo. Hemed angeweza kusema sijui. Ni neno dogo, halina gharama. Lakini neno sijui lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake likitajwa neno mpira. Tena juzi yake tu Mzee George alikuwa amemwambia kwamba mpira wenu wa duara ni wa watu wanaoogopa kuguswa, na maneno yale yalikuwa bado yanamwasha. Shetani akampitia.

"Hakuna," alisema. "Nimechezesha mpira miaka mingi. Huo mpira haupo duniani."

Mzee akashushwa chini wiki ileile. Alishuka na skafu yake, lakini mlangoni wakaivua, kwa sababu kule vitu vya kufunga shingoni haviruhusiwi. Alimtazama Hemed, akasema, "Refa, waambie." Hemed alikuwa anakunja blanketi.

Nyumbani alimweleza Fadhila, mkewe. Fadhila alikuwa anasonga ugali, akasimamisha mwiko.

"Na wewe ulijuaje kwamba haupo?"

"Mke wangu, mimi si refa?"

"Refa wa Tanga," alisema Fadhila. "Usilolijua ni usiku wa giza, baba. Ungemwachia mzee wa watu mlango wake."

Hemed alikasirika. Lakini neno lilimwingia, na akaanza kutafuta njia ya kumsaidia mzee bila ya kujikosoa mwenyewe, jambo ambalo ni gumu kuliko kukamua jiwe. Teresa alikuwa amesema kwamba hadithi zile zikikoma, watafikiria upya. Basi Hemed akaomba zamu za kule chini, akageuka mwalimu.

"Mzee George, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa Tausi."

"Hapana. Ulikuwa unauza matairi. Sema hivyo, watakurudisha juu."

Mzee alibisha. Alibisha kwa hasira, halafu kwa kusihi, halafu kwa sauti ndogo. Kila alipotaja milingoti, Hemed alimkatiza kwa upole na kumrudisha kwenye matairi, na aliona anafanya wema. Kufika majira ya kuchipua, mzee akiulizwa alinyamaza kwanza, kama anayetafuta mfukoni. Hakuna aliyekuja kule chini wa kusalimiwa. Nywele zake wakazikata fupi.

Mwezi wa sita, Watanzania na Wakenya wakakutana Blaine. Ilikuwa mapumziko, Hemed amekaa kwenye nyasi anakunywa maji, pale Cyrus, golikipa wa Wakenya, alipomgusa bega.

"Buda, cheki hao wazungu kule. Wanacheza nini? Wana-jumpiana kwa mgongo!"

Hemed akageuza shingo. Uwanja wa tatu kutoka walipokuwa, chokaa ilikuwa imechorwa kwa umbo la yai. Vijana wa fulana zisizo mikono walikuwa wanakimbia huku na huku bila mpangilio ambao yeye angeweza kuuona. Kila upande ilisimama milingoti minne. Mpira uliruka juu, kijana mmoja akapaa, goti likatua mgongoni kwa mwenzake, akaudaka kwa mikono miwili juu ya vichwa vya wote. Muda mfupi baadaye mpira ukapita katikati ya milingoti, na mtu mmoja mnene, aliyevaa koti jeupe na kofia, akapunga bendera mbili.

Hemed alisahau mechi yake. Alivuka viwanja viwili na filimbi shingoni, nyuma yake watu wa nchi mbili wakimwita, akamfikia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja na kopo la bia. Alimuuliza kama aliwahi kumsikia mchezaji aliyeitwa Tausi.

Yule mzee alisimama.

"Tausi? Nilikuwa mtoto, niko mabegani kwa baba yangu, nikamrushia chungwa. Akalimenya akalila! Nimewasimulia wanangu wamechoka. Yu hai?"

Kipindi cha pili kilichezeshwa na mtu mwingine. Hemed aliendesha gari mpaka Saint Paul na jezi yake nyeusi, akamkuta Teresa ofisini, akamwambia kila kitu: mchezo upo, mtu alikuwa kweli, muongo ni mimi. Alisema hivyo hivyo, bila kona, na pengine ilikuwa mara yake ya kwanza. Teresa alipangusa miwani. Alisema chumba cha ghorofa ya pili kipo kitupu. Lakini daktari atauliza mzee mwenyewe yukoje sasa, si alikuwa nani zamani. Walete hao watu wa Blaine, tumwone anavyowapokea, binti yake naye awepo.

Walikuja Jumapili mchana, yule mzee wa Blaine na vijana wawili wa fulana zisizo mikono, na mpira wao wenye umbo la yai. Abigail alikuwa amekwisha kulia kabla hawajaingia. Hemed alikuwa ameipiga skafu pasi, kaikunja mfukoni, tayari kwa kumfunga shingoni watakapokuwa kwenye lifti.

Mzee George alikuwa amekaa dirishani. Yule mgeni alipiga magoti mbele yake, mtu mzima wa mvi, akamwekea mpira mapajani.

"Mzee," alisema, "mimi ni yule mtoto wa chungwa."

Mikono ya Mzee George iliushika mpira, kidole kimoja kikapita juu ya mshono wake. Uso ukamchangamka. Wote waliona. Mdomo ukafunguka, na Hemed akaanza kuitoa skafu mfukoni.

Ndipo mzee alipomwona Teresa amesimama mlangoni, na Abigail, na Hemed. Aliwatazama mmoja mmoja. Akauondoa mpira mapajani, akamrudishia mwenyewe kwa adabu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake.

"Umenifananisha, bwana," alisema. "Mimi nilikuwa nauza matairi."

Yule mgeni alimtajia viatu vyeupe. Alimtajia nywele za dhahabu. Mzee akatikisa kichwa kila mara, na kila alipotikisa alimtupia jicho Hemed, kama mwanafunzi anavyomwangalia mwalimu siku ya mtihani. Mwisho alimwita kwa kidole. Hemed akainama.

"Refa," mzee alimnong'oneza sikioni, na pumzi yake ilikuwa ya furaha, "wamenijaribu, sikuteleza hata mara moja. Nimejibu sawa? Sasa watanirudisha juu?"

Hemed alifungua kinywa amwambie umekosea, mzee wangu, leo ndiyo umekosea. Lakini angemwambiaje, na jibu lile ni yeye aliyemfundisha?