Kamba ya Mzee Sefu na Pikapu ya Mama Diana

Saa moja asubuhi, gerejini mtaa wa Rusimbi. Fundi Gharib Sefu anawaomba akina mama watano wapande nyuma ya pikapu.

Wanapanda wakicheka. Mmoja anauliza wanapelekwa wapi, mwenzake anamjibu kuwa leo wamegeuzwa magunia. Gharib hacheki. Amepiga goti kando ya tairi la mbele, mkononi ana kamba ya katani iliyopauka, anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi.

"Gari tupu linadanganya," anasema. "Ukipakia nyuma, pua inapanda. Hapo ndipo unaujua ukweli wake."

Kamba hiyo ni ya marehemu baba yake, Mzee Sefu, aliyefungua gereji hii Gharib akiwa hajaanza shule. Anazikumbuka Jumamosi za enzi hizo. Mzee akihitaji uzito, aliita mtaa. Wauza maandazi, watu waliotoka msikitini, hata mwalimu aliyekuwa akijipitia na baiskeli yake, wote walikalishwa garini wakapewa kashata, na hakuna aliyeshuka mpaka mzee aseme.

"Nilidhani ni sikukuu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Gari alilolinyanyua mzee, yaani kuliongezea kimo, likirudi salama kutoka safari yake ya kwanza yenye mzigo, alifunga fundo kwenye mkia wa kamba. Mafundo ni thelathini na moja. Hakuna hata moja la Gharib.

Miaka tisa iliyopita, mzee akiwa ameshazikwa, Gharib alinyanyua pikapu ya jirani yake, Abdul. Alifunga shokapu ndefu, na juu yake akapachika spesa, vile vyuma vya mviringo vinavyoongeza kimo. Akapima gari likiwa tupu, maana aliona haya kuita watu kama baba. Mlimani, mzigo ukiwa nyuma, shafti za mbele zilikaa mshazari kupita kiasi, kiungo kikakatika.

Abdul hakuumia, ila hakurudi tena gerejini. "Tunasalimiana msikitini, basi," anasema Gharib. "Tulikua pamoja sisi."

Tangu hapo Gharib akaacha kunyanyua magari. Akabaki na breki na oili, kazi zinazomwingizia shilingi elfu kumi na tano siku ikiwa nzuri.

Mpaka wiki hii, alipokuja Verediana, mchuuzi wa dagaa anayejulikana zaidi kama Mama Diana. Ziwa lilipopanda, njia ya kushukia mwaloni Kibirizi, anakonunua dagaa kwa wavuvi, iligeuka madimbwi, na pikapu yake ikawa inakwaruza tumbo. Alikuja na shokapu ndefu alizoagiza Dar es Salaam na spesa alizonunua hapa mjini, Mwanga. Akataka vyote vifungwe, la sivyo atatafuta fundi mwingine. Gharib akamweleza hatari yake.

"Baba yako hakuwa mwoga hivi," Mama Diana akamtania.

"Baba angekupandisha nyuma wewe kwanza, na majirani zako."

Ndiyo maana akina mama wameitwa.

Kamba inatoa jibu: shokapu alizokwishafunga zibaki, na spesa ziwekwe, lakini si kwa unene ule. Gharib anazipeleka Mwanga kwa mkereza vyuma, zinapunguzwa kutoka sentimita tano hadi moja na nusu. Anazifunga, anawapandisha tena akina mama, anapima upya. Sasa shafti zimetulia.

Alhamisi alasiri Mama Diana anarudi kutoka Kalinzi, huko milimani, alikopandisha dagaa. Gharib hajala tangu asubuhi. Kabla hata ya salamu anachutama, anapapasa mipira inayofunika viungo vya shafti, mmoja baada ya mwingine. Haijachanika. Hakuna grisi iliyovuja.

"Sasa utanipa pole ya safari, fundi, au unaisalimia gari tu?"

Gharib anaifuata kamba ukutani. Anafunga fundo la thelathini na mbili, taratibu, kisha analikaza kwa meno.

Ana ndoto ya kununua mashine yake mwenyewe ya kukereza. Lakini hiyo, anasema, itasubiri. Jumamosi kuna gari jingine la kunyanyua, na kashata ameshaziagiza.

"Nitahitaji watu wa kukaa nyuma," anasema. "Nitaanzia nyumbani kwa Abdul."